Toni za Kimatengo na Somo la Upatanifu wa Sauti

Somo la upatanifu wa sauti, kama lifundishwavyo katika vyuo vikuu, hupima sikio la mwanafunzi kwa kinanda, kana kwamba halikufunzwa lolote kabla. Kijana wa Mbinga ni ushahidi wa kinyume. Kimatengo ni lugha ya toni (Kiswahili sanifu hakina), na mwenye kuisema amepambanua sauti ya juu na ya chini tangu utotoni. Lakini kanuni ya Ulaya hukataza sauti mbili zilizoachana kwa tano kwenda sambamba. Katika lugha ya toni mwendo huo ndio uhifadhio neno: sauti zote hupanda na kushuka pamoja, na kila mwimbaji hutamka neno lile lile. Mwanafunzi aandikaye hivyo mtihanini hukatwa alama, wala haelezwi kwamba kanuni ile ilitungwa kwa lugha zisizo na toni.