Kuilinda 'h' ya 'Hatakuja'

Mwimbaji amesimama katikati ya jukwaa, mkono kifuani, anamwimbia mamake kwamba mchumba hatakuja tena. Mpiga kinanda anashindilia besi, ngoma inaingia. Aliyeketi safu ya nane anasikia, "Atakuja." Hadithi imepinduka, na kilichopotea ni herufi moja tu ambayo hata sauti haina, ni pumzi.

Hapo ndipo msanifu wa sauti ya mchezo wa nyimbo kwa Kiswahili anapobanwa. Anakuja, alikuja, atakuja: wakati wa tendo umebebwa na silabi moja fupi katikati ya neno. Pata na kata vinatenganishwa na mpasuko wa midomo au wa ulimi unaodumu sehemu ndogo mno ya sekunde. Irabu huvutwa, huimbwa, hujaza ukumbi, konsonanti haivutiki. Nguvu yake nyingi iko juu, kuanzia Hertz 2,000 na kuendelea, nayo ni ndogo. Kila kitu chumbani kinaweza kuifunika.

Chumba chenyewe ndicho mshukiwa wa kwanza. Kileleshwa ya leo, jijini Nairobi, ni mtaa wa maghorofa yaliyoota palipokuwa na nyumba za bustani kubwa, na kikundi kidogo cha maigizo kikitafuta ukumbi wa kukodi maeneo hayo kitaangukia mara nyingi chumba cha sakafu ya vigae, madirisha mapana ya vioo na dari ya zege. Tuseme kina urefu wa mita 15, upana wa mita 10 na kimo cha mita 5. Hizo ni mita 750 za ujazo. Kanuni ya Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard aliyeanza utafiti wake mwaka 1895 kwa kuhamisha mito ya viti usiku baada ya usiku, inasema zidisha ujazo kwa 0.161, kisha ugawe kwa jumla ya eneo linalofyonza sauti. Chumba kitupu kikiwa na mita 60 za mraba za ufyonzaji, mwangwi unachukua sekunde 2 kufifia. Wakiingia watu 150, kila mmoja na nguo zake na mwili wake, ufyonzaji unapanda hadi karibu 130, na mwangwi unashuka chini ya sekunde moja.

Kwa hiyo mazoezi ya Jumanne usiku katika ukumbi mtupu yanadanganya. Waigizaji wanasikia sauti zao zikirudi nene na tamu, wanaanza kuimba polepole, wanamezea maneno. Dawa yake si mashine. Ni mapazia mazito ukuta wa nyuma, mazulia, hata magunia na blanketi mahali ambapo mtazamaji haoni. Pesa ya kukodi spika kubwa zaidi ingefaa kwanza kununua kitambaa.

Umati kujaza ukumbi hadi kuubadilisha si jambo la nadharia jijini Nairobi. Februari 1982 kikundi cha maigizo cha kijiji cha Kamiriithu kilifungiwa milango ya Kenya National Theatre kilipotaka kuonyesha Maitũ Njugĩra, mchezo uliobebwa na makumi ya nyimbo za lugha mbalimbali za Kenya. Kikahamia ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ng'ambo tu ya barabara, na mazoezi yenyewe yakawa maonyesho, watu wakifurika usiku baada ya usiku hadi serikali ilipoyazima. Ukumbi ulioshona namna hiyo ni mkavu kama chumba cha kurekodia. Neno linasikika wazi, lakini mwimbaji anaona kana kwamba koo lake limepungua nguvu, kwa kuwa hakuna ukuta unaomrudishia chochote.

Miaka mitano kabla, kikundi hichohicho kilikuwa na tatizo la kinyume. Ngaahika Ndeenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilifunguliwa Jumapili ya tarehe 2 Oktoba 1977 katika uwanja wa wazi Limuru wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Nje hakuna mwangwi, ila kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupoteza desibeli 6. Mtu anayesikika kwa desibeli 75 akiwa mita moja nawe, ukisogea mita 16 anabaki na 51, na hapo upepo na watoto wana neno lao. Lakini watu 10 wakiimba pamoja wanaongeza desibeli 10 juu ya mmoja. Mchezo unaokabidhi nyimbo zake kwa umati badala ya nyota mmoja una kipaza sauti ndani ya muundo wake, umeme uwepo usiwepo.

Turudi kwenye vigae vya Kileleshwa. Mshukiwa wa pili ni bendi, na hapa vikundi vidogo hukosea sana. Ngoma ikiwa kubwa, mwimbaji anaongezewa sauti. Mwimbaji akiongezewa, mpiga gitaa hajisikii naye anajiongezea. Mwisho kipaza sauti kinapiga mluzi. Msanifu mwenye busara anaanza upande wa pili. Anatafuta kiwango ambacho mwimbaji anasikika bila kifaa chochote, kisha anashusha bendi hadi pale. Ngoma inapigwa kwa brashi au viganja. Spika ya besi inageuzwa isitazame watu. Mpangaji wa muziki anaombwa kuacha ombwe dogo kabla ya kila "ha-" ya kukanusha: nusu pigo tu la kimya, na pumzi inapita.

Vipaza sauti vinakuja baada ya hapo. Kile kidogo kinachofichwa mwanzoni mwa nywele, juu ya paji la uso, hupokea sauti kwa usawa hata mwimbaji akigeuza kichwa, na misuko inakishika vizuri kuliko gundi. Adui wake ni jasho, ambalo tone moja likiziba tundu linakula konsonanti zote na kuacha irabu.

Kisha spika ndogo za safu za nyuma. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo spika iliyo mita 7 mbele ya jukwaa inacheleweshwa milisekunde 20 ili ilingane na mwimbaji, halafu inaongezwa 10 zaidi. Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba sikio huamini sauti inayotangulia kufika. Mtazamaji anaendelea kuona maneno yakitoka kinywani, ilhali nusu ya usikivu wake inatoka pembeni mwake.

Si kila neno linapaswa kuwa safi, hata hivyo. Mo Faya, mchezo wa nyimbo wa Eric Wainaina uliofika New York mwaka 2009, unamhusu mtangazaji wa redio, na hadithi ya namna hiyo inadai sauti mbili za mtu mmoja: ya mwili na ya mawimbi. Njia rahisi ni kuficha spika ya ukubwa wa kiganja ndani ya redio iliyo jukwaani na kukata kila kitu chini ya Hertz 300 na juu ya 3,400. Hapo 'h' inafifia kwa makusudi, na mwandishi anapaswa kujua mapema ili redio isipewe kanusho lolote la maana.

Saa moja kabla ya milango kufunguliwa, fundi anaacha mitambo, anakwenda kuketi kiti cha mwisho kando ya dirisha, magari ya Ring Road yakinguruma nje. Bendi inapiga kwa nguvu kamili. Mwimbaji anaimba mstari uleule mara kumi, akichanganya "atakuja" na "hatakuja" kwa mpangilio anaoujua yeye peke yake. Fundi ameupa kisogo ukumbi, anaandika anachosikia kwenye karatasi.