Ufundi wa Kuisubiri Hitilafu: Kituo cha Kupoza Umeme cha Singida

Sifa za ufundi hugawiwa kwa upendeleo. Bwawa husifiwa kwa sababu linaonekana. Bwawa la Julius Nyerere lililopo Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, limeimbwa na kuandikwa kila upande. Taa ya kwanza kijijini nayo hupokewa kwa vigelegele. Katikati ya bwawa na taa kuna eneo lenye uzio, vyuma virefu, mashine zinazovuma mchana na usiku na kibao cha kuonya watu wasisogee. Mpita njia hukitii kibao kile na kuendelea na safari, asiwaze kwamba ndani ya uzio huo kuna moja ya kazi za fikra zenye nidhamu kubwa kuliko zote nchini. Dai langu ni kwamba kituo cha kupoza umeme kinastahili heshima tunayolipa bwawa, na pengine zaidi. Bwawa hujengwa ili jambo litokee, lakini sehemu kubwa ya kituo hujengwa ili mabaya yasitokee, na yakitokea yasivuke pale yalipoanzia. Ni ufundi wa kuisubiri hitilafu.

Singida ni mahali pazuri pa kuupima ufundi huu, kwa kuwa kituo chake kimekaa njia panda. Katika miaka ya 1980 laini ya msongo wa kilovoti 220 ilitoka Iringa kupitia Mtera, Dodoma, Singida na Shinyanga kuelekea Mwanza. Baadaye likachipuka tawi la kwenda Babati na Arusha. Ikafuata laini ya kilovoti 400, yenye urefu wa takriban kilomita 670, kutoka Iringa hadi Shinyanga, na Singida tena ikawa kituo cha njiani. Kisha kutoka Singida hiyohiyo ikavutwa laini nyingine ya kilovoti 400 kupitia Babati na Arusha hadi Namanga, kilomita 414 upande wa Tanzania, ikaenda kukutana na gridi ya Kenya huko Isinya. Kwa kuwa Kenya nayo imeungana na Ethiopia, mkoa unaojulikana kwa alizeti, kuku na upepo mkali umekuwa kiungo kati ya maji ya kusini mwa Tanzania na mito ya nyanda za juu za Ethiopia.

Hesabu ya msongo ndiyo inayoeleza kwa nini kituo kipo. Tuseme tunataka kupeleka megawati 100. Kwa kilovoti 33, waya zitabeba takriban ampea 1,750 kila moja. Kwa kilovoti 220 mkondo hushuka hadi ampea 260 hivi, na kwa kilovoti 400 hadi 144. Joto linalopotea njiani hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo kwenye waya ileile, umeme unaosafiri kwa kilovoti 220 hupoteza zaidi ya mara tatu ya ule unaosafiri kwa 400. Ndiyo maana umeme hupandishwa msongo ili usafiri, kisha transfoma za kituoni huupoza kabla haujafika kwa watu. Tena kituo hakipozi tu. Usiku wa manane, mashine za kukamua alizeti zikiwa zimezimwa, laini ndefu isiyo na mzigo huweza kufanya msongo wa mwisho wake uzidi ule wa mwanzo, kiasi cha kutishia vifaa. Riakta zilizofungwa vituoni huinyonya ziada hiyo. Msanifu, basi, amelazimika kufikiria saa ambayo watu wanahitaji umeme mno na pia saa ambayo hakuna anayeuhitaji.

Lakini ustadi wenyewe huonekana pale msanifu anapokaa chini na kujiuliza: ni nini kitaharibika? Radi itapiga laini, kikombe kinachotenganisha waya na chuma cha nguzo kitapasuka, ndege atagusanisha nyaya, mafuta ya transfoma yatachemka. Kila swali lina jibu lililofungwa kwa chuma. Transfoma za kupimia huchukua sampuli ya mkondo na msongo, rilei huisoma sampuli hiyo na kuamua, na kikata umeme hutenganisha sehemu iliyoharibika, yote hayo ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kikata kikigoma, rilei nyingine, iliyowekwa kwa ajili ya kugoma huko, huamuru vikata vinavyokizunguka vifunguke. Transfoma ina mlinzi wake, rilei ya Buchholz, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1921, ambayo hunasa mapovu ya gesi yanayotoka kwenye mafuta pindi uharibifu unapoanza ndani, kabla moto haujawaka. Na kwa kuwa saa ya hatari ndiyo saa ambayo umeme wenyewe huenda usiwepo, maamuzi yote haya huendeshwa na betri zilizopangwa katika chumba ambacho hakuna mgeni anayekitazama mara mbili. Betri hizo zikifa, kituo kizima huwa kipofu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Hapa usemi huo umegeuzwa kuwa michoro, skrubu na vipimo.

Kuna watakaopinga wakisema kwamba ufundi huu si wetu: vifaa hutoka ng'ambo, fedha hukopwa, na mchoro wa kituo kimoja hufanana na wa kingine. Ni kweli kwamba transfoma kubwa hazitengenezwi Singida. Hata hivyo, hakuna kituo kinachoweza kunakiliwa kizima, kwa kuwa ardhi na hewa havinakiliki. Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali vifaa vingi vya msongo mkubwa hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Hewa nyepesi huzuia cheche kwa udhaifu zaidi, hivyo uwezo wa kuhimili mapigo ya radi hupungua kwa takriban asilimia 6, na msanifu hana budi kurefusha vikombe na kupanua nafasi kati ya nyaya. Chini nako kuna miamba ya matale na udongo unaokauka sehemu kubwa ya mwaka, na ardhi ya namna hiyo hupitisha umeme kwa shida. Hitilafu inapomwaga mkondo ardhini, msongo wa uso wa ardhi hupanda, na tofauti kati ya unyayo mmoja na mwingine inaweza kumuua fundi anayetembea. Kwa hiyo wavu wa shaba hufukiwa chini ya kituo kizima, upana na kina chake vikitegemea vipimo vya udongo wa hapohapo, kisha juu hutandazwa kokoto unene wa sentimita 10 hadi 15, ili miguu itengane na ardhi. Jiwe linalomsumbua msanifu likiwa chini, likipondwa na kutandazwa juu, humkinga fundi. Uamuzi kama huo hauagizwi kwa meli. Hufanywa na mtu aliyeipima ardhi ya Singida.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la haki. Mwanakijiji anayelima chini ya nyaya za kilovoti 400 huku nyumba yake ikiwa na giza ana sababu ya kuuliza njia panda hii inamfaa nini. Jibu la kiufundi ni kwamba laini ya kilovoti 400 haiwezi kuchomolewa waya wa nyumba. Mlango pekee wa kuteremkia ni kituo chenye transfoma, kisha kilovoti 33, kisha transfoma ndogo ya kijijini. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Ndiyo maana kazi ya usambazaji vijijini, inayobebwa na Wakala wa Nishati Vijijini pamoja na shirika la umeme, TANESCO, haina budi kuhesabiwa kuwa sehemu ya kituo chenyewe.

Mwingine atauliza: kama kituo kinasubiri hitilafu kwa umahiri wote huu, mbona umeme hukatika? Mara nyingine kukatika ndiko kufanikiwa kwa kinga, kwa sababu laini moja imezimwa ili transfoma ambayo kuipata upya huchukua miezi mingi isiungue. Lakini jibu hilo lisigeuzwe kichaka cha kujificha. Kwenye msongo mkubwa wasanifu huweka njia ya akiba, ili kifaa kimoja kikitoka kazini mzigo uhamie kwingine. Laini ya kilovoti 33 inayovutwa makumi ya kilomita katika mkoa mpana kama huu mara nyingi haina njia ya pili. Nguzo moja ikianguka, vijiji vyote vilivyo mbele yake huzimika. Huko ufundi wa kuisubiri hitilafu haujashindwa, bali haujafikishwa.

Basi kukisifu kituo cha Singida ni kudai kwamba fikra iliyokijenga isikomee kwenye uzio wake. Wilaya zilizo mbali zijengewe vituo vyao vya kupoza umeme, laini ndefu zipewe njia za akiba, na bajeti ya matengenezo, ya betri, rilei na vikombe, isiwe ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Vijana wanaosomea umeme vyuoni wapelekwe vituoni wajifunze kwa nini kila kokoto iko pale ilipo. Na sisi wananchi, siku mradi mpya unapozinduliwa, tusiishie kuuliza utaleta megawati ngapi. Tuulize pia: kifaa kimoja kikiharibika, ni wangapi watabaki na mwanga?