Kitengela Ihesabiwe Wapi?

Kabla ya 2011, takwimu za afya za Kenya zilisafiri kwa mafaili ya Excel. Zahanati ilijumlisha rejesta zake mwisho wa mwezi, karatasi zikapelekwa wilayani, zikaingizwa kwenye jedwali, kisha faili likapakiwa kwa FTP hadi wizarani Nairobi. Safu moja ikisogezwa huko wilayani, jumla ya taifa inapinda.

Mwaka huo wizara ilihamia DHIS2, programu huria iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo. Majaribio yalianzia Pwani. Sifa nyingi zilimiminiwa seva moja kuu: afisa wa rekodi alihitaji kompyuta na modemu tu, hakuna cha kusubiri fundi aje kufunga programu. Sifa za haki. Lakini kwangu mimi, gundi yenyewe ilikuwa kitu kisicho na mvuto hata chembe, Orodha Kuu ya Vituo vya Afya, ambayo hukipa kila kituo namba yake. Jina la zahanati ya Umaasaini huandikwa hivi leo na vile kesho. Namba haina tahajia.

Kwa namba hizo, viwango huria vikapata pa kushika. KenyaEMR, programu ya rekodi za wagonjwa iliyojengwa juu ya OpenMRS, inaweza kujumlisha yenyewe fomu ya MOH 731 ya huduma za VVU na kuituma DHIS2 kwa muundo wa ADX. Ujumbe ni mfupi: kituo gani, mwezi gani, kipengele gani, idadi ngapi. Upande mmoja hauna haja ya kujua ya ndani ya mwenzake.

Kilichobaki kusumbua ni mipaka. Ugatuzi wa 2013 ulileta kaunti 47, na ngazi za mfumo zikapangwa upya. Kajiado, idara ya afya hufuata maeneo matano ya ubunge, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu kaunti ndogo sita. Isinya, yenye Kitengela ndani yake, ilikuwa na watu 210,473, Mashuuru 64,214. Kwenye mfumo wa afya, wote hao kwa jumla ni wa Kajiado Mashariki.

Sasa chukua watoto waliochanjwa Kajiado Mashariki, ukadirie walengwa kwa watu wa Isinya pekee: asilimia inapaa bila sindano moja kuongezeka. Ukizijumlisha kaunti ndogo hizo mbili, unapata hesabu nyoofu zaidi, ila Isinya ina zaidi ya robo tatu ya watu, hivyo Mashuuru inaweza kudorora na wastani usishtuke. (Na bado hatujamgusa mama wa Kitengela anayevuka kwenda Athi River, kaunti ya Machakos, kuchanja mwanawe.)

Dawa imo ndani ya DHIS2 yenyewe, na haitumiki inavyostahili: inaruhusu kuunda makundi ya vituo nje ya ngazi rasmi. Vituo vya Isinya vikikusanywa kwa namba zao, hesabu yake hutoka peke yake, na mpangilio wa kaunti haujaguswa.