Mto Usioteremka: Uhakiki wa Istilahi za Maji katika Michezo ya Kompyuta

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri siku hizi ni zile za michezo ya kompyuta ambayo huunda ulimwengu wake kwa kanuni za hesabu. Mchezaji huweka vigezo vya sura ya nchi, yaani kimo cha vilima, kina cha mabonde na usawa wa bahari, nayo kompyuta hutandaza nchi nzima kwa mujibu wa vigezo hivyo. Hapa tunahakiki jambo moja tu: mazoea ya kuuita "mto" kila utepe wa maji uonekanao humo.

Katika Minecraft, mchezo uliotolewa rasmi mwaka 2011, usawa wa bahari kwa kawaida umewekwa kuwa 63. Popote ardhi ya juu iliposhuka chini ya kiwango hicho, maji hujazwa mpaka kiwango hicho. Kwa hiyo "mto" wake hauna chanzo mlimani wala hauteremki. Ncha zake zote zina kimo kimoja na bahari. Dwarf Fortress, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2006, huanza na milima na mvua, kisha mmomonyoko huchimba mabonde, na maji huteremka kutoka nyanda za juu. Kiingereza hutumia neno moja kwa dhana hizi mbili. Je, nasi tufuate?

Pemba inatufundisha kusita. Ni kisiwa cha vilima vidogo vidogo na mabonde mengi, ambamo vijito vifupi huteremka na mpunga hulimwa. Upande wa magharibi bahari imepenya ndani ya nchi na kuzungukwa na mikoko, kama ilivyo karibu na Chake Chake. Kwa macho ya mgeni, yote ni maji membamba. Mwenyeji huita ya kwanza mto au kijito, na ya pili hori, kwani hutazama yatokako maji. Hata Unguja, ambako baadhi ya mito huzama katika mawe ya matumbawe kabla ya kufika baharini, jina la mto halipotei, maadamu maji huteremka.

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hutaka tuanze na Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake. Basi tunapendekeza "mto" libaki kwa maji yateremkayo, na "hori" kwa yale yaliyoungana na bahari katika usawa mmoja. Huenda mtu akapinga kwamba hori hupwa na kujaa, ilhali maji ya Minecraft hayapwi. Hoja hiyo ni ya haki. Hata hivyo bahari ya mchezo huo nayo haipwi, na hatukuacha kuiita bahari. Pale ambapo maji hayo hayakuungana na bahari, "njia ya maji" yatosha.

Jambo hili si la mchezo tu. Huko Pemba maji ya chumvi yameingia katika baadhi ya mashamba ya mpunga. Mwanafunzi aliyezoea kuona kwamba kupandisha usawa wa bahari ndiko kujaza "mto" atamsikilizaje mwalimu anayemfundisha chanzo na mlango wa mto? Naye mtumishi wa serikali anayeandika taarifa ya mashamba hayo hana budi kueleza wazi kama maji yameteremka kwa mto au yamepanda kwa hori, kwa kuwa tiba ya moja siyo tiba ya jingine.