Gumba la Mwenda

Vijana wa Mutanga Nord, hapa Bujumbura, wanaopenda roki ya progresivu hawakosi kumtaja Steve Howe, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1947, aliyelifanya gitaa la kundi la Yes lisimulie hadithi ndefu badala ya kumsindikiza mwimbaji tu. Nawaelewa. Muziki ule hugeuza mapigo katikati ya safari, na mpigaji asiye makini huachwa njiani. Lakini kila nikimsikia mmoja wao barazani jioni akikimbizana na solo huku besi imemtoroka, natamani kumpa rekodi moja iliyotoka kwa jirani zetu Wakongo, huko Katanga.

Ni "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa Msiri, yule mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi akajifanya mfalme. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na vinasa sauti vyake, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi.

Mtu mmoja, gitaa moja lisilo na umeme, vidole viwili vya mkono wa kulia. Gumba linashika nyuzi nene, kidole cha shahada kinashika nyembamba. Gumba halina papara kabisa. Kidole cha shahada ndicho chenye utundu: mara kinawahi, mara kinachelewa, mara kinajipenyeza kati ya mapigo mawili ya gumba, hata msikilizaji yuko tayari kuapa kwamba wapigaji ni wawili. Mzunguko ukiisha unaanza tena, ila si uleule; noti moja imeachwa, nyingine imesogezwa, na usipotega sikio hutajua kilichobadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa muziki David Rycroft alikaa akayaandika mabadiliko hayo kwa noti katika jarida la African Music.

Kwa sikio la Mrundi jambo hili si geni. Mpiga inanga naye hukwanyua ugwe mmoja uliopitishwa mara kadhaa juu ya ubao uliochimbwa, mzunguko ukirudi na kurudi, huku yeye akinong'ona juu yake.

Turudi kwa Howe. Katika The Yes Album ya mwaka 1971 kuna "Clap", kipande alichomtungia mwanawe Dylan. Humo hana bendi nyuma yake. Besi na solo zote zinatoka mkononi mwake, kwa ufundi aliouchota kwa Mmarekani Chet Atkins. Sidai kwamba alimsikia Mwenda. Nasema tu kwamba alipobaki peke yake jukwaani, kazi iliyomngoja ilikuwa ileile ya besi na solo katika mkono mmoja. Na nikilazimishwa kuchagua, namchukua Mwenda: Howe anakuonyesha ugumu wa kazi, Mwenda anauficha.

Gitaa lake lilimfikisha Mwenda Nairobi, na mwaka 1969 likampeleka kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Basi kijana, kabla hujanunua pedali nyingine, ziache nyuzi nyembamba kwa wiki nzima. Piga gumba peke yake, polepole, hadi uweze kumkaribisha mgeni na kumuuliza habari za nyumbani bila mapigo kuyumba. Ndipo uongeze kidole cha shahada, uanze na "Masanga". "Clap" baadaye.