Alkani, Alkeni na Petroli: Uhakiki wa Istilahi za Haidrokaboni kwa Msomaji wa Kisangani

Uundaji wa istilahi za kemia kwa Kiswahili ulipiga hatua kubwa mwaka 1990, TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Lugha chanzi ya kazi hiyo ni Kiingereza, jambo lisilomsumbua sana msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi. Kisangani hali ni tofauti. Huko Kiswahili husikika sokoni na nyumbani pamoja na Kilingala, ilhali kemia hufundishwa kwa Kifaransa katika chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1963. Makala haya yanahakiki istilahi chache za haidrokaboni kwa kumzingatia msomaji huyo.

Tatizo la kwanza ni utohozi wa kufuata sikio. Neno la Kiingereza "alkane" hutamkwa takriban "alkein"; anayelitohoa kwa matamshi huishia kwenye "alkeni". Kwa njia hiyohiyo "alkene" huwa "alkini". Lakini alkeni na alkini ni majina ya makundi mengine kabisa. Alkani huwa na vifungo vya mojamoja tu baina ya atomi za kaboni, alkeni huwa na kifungo cha maradufu, na alkini cha mara tatu.

Kosa hilo halikomei kwenye tahajia. Alkeni ikitiwa katika maji ya bromini, rangi ya bromini hupotea mara moja, kwani atomi zake hujiongeza penye kifungo cha maradufu. Alkani ikiwekwa gizani haifanyi hivyo. Huhitaji mwanga ili atomi ya haidrojeni itoke na bromini ichukue nafasi yake. Mwanafunzi aliyesoma "alkeni" mahali pa alkani atadhani jaribio lake limeharibika, kumbe kilichoharibika ni kitabu.

Tatizo la pili ni "benzini". Kifaransa hutenganisha "benzène", yaani duara la kaboni sita lililogunduliwa na Faraday mwaka 1825, na "benzine", mchanganyiko wa haidrokaboni nyepesi utumiwao kuondoa madoa, ambao kwa sehemu kubwa ni alkani. Kiswahili kikiyaita yote mawili benzini, mpaka baina ya alkani na aromatiki hufutika. Mpaka huo una uzito, kwa kuwa dutu ya Faraday husababisha saratani ya damu, na haifai kabisa kuoshea nguo wala mikono.

Tatizo la tatu liko nje ya maabara. Afrika Mashariki, petroli ni mafuta ya magari, na ya kuwashia taa huitwa mafuta ya taa. Kisangani, kwa kufuata Kifaransa, petroli ndiyo mafuta ya taa. Ya magari ni esansi, na ya dizeli ni mazutu. Mvuke wa esansi huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali mafuta ya taa huhitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Basi onyo lililoandikwa Dar es Salaam kwamba petroli isitiwe katika taa litaonekana upuuzi Kisangani. Naye msafiri wa Kisangani akiagiza petroli ya taa mjini Kigoma, atauziwa hatari.

Dawa ya matatizo mawili ya kwanza ni kutohoa kwa kufuata maandishi, ambayo Kiingereza na Kifaransa hukaribiana: -ani, -eni na -ini zibaki kuwa alama za makundi matatu, na duara la kaboni sita liitwe benzeni. Kuhusu petroli, hakuna kamati itakayowaamuru wenyeji wa Kisangani waache neno lao, wala haifai ijaribu. Linalowezekana ni kamusi kuingiza maana zote mbili, kila moja na mahali pake, na maandishi ya usalama kutumia "mafuta ya taa" na "mafuta ya gari", maneno yanayoeleweka pande zote mbili za Ziwa Tanganyika.