Siku za Ekegusii kwenye paneli ya Xfce

Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi kuukuu za mashuleni na kwenye saiba zilibaki bila pa kwenda, maana hazina nguvu za kubeba Windows 11. Kwa mashine za aina hiyo, ziwe Ogembo au Nyansiongo huko Gusii, Linux Mint yenye eneokazi la Xfce inafaa sana: huwaka hata kwenye RAM ya GB 2, ingawa inayopendekezwa ni GB 4. Kusakinisha kwenyewe kumeshaelezwa mara nyingi. Ninachotaka kuchambua hapa ni jambo linalofuata, ambalo nadhani lina uzito kuliko picha na rangi za madirisha: namna ya kuifanya saa ya kwenye paneli itaje siku kwa Ekegusii.

Kwa sensa ya Kenya ya 2019, Abagusii ni watu milioni 2.7. Lugha yao ina msimbo wake wa kimataifa, guz, na kwa zaidi ya miaka kumi imekuwamo ndani ya CLDR, hazina ya Unicode Consortium inayohifadhi majina ya siku, miezi na sarafu kwa mamia ya lugha. Humo siku zimepangwa kuanzia Jumapili: Chumapiri, Chumatato, Chumaine, Chumatano, Aramisi, Ichuma, Esabato. Miezi ipo pia, kutoka Chanuari hadi Disemba. Ndiyo maana ukipekua orodha ya lugha kwenye simu za Android unaikuta Ekegusii.

Sasa mbona Linux ya kwenye meza haiijui? Kwa sababu haichoti kwenye kisima hicho. Android husoma CLDR kupitia maktaba iitwayo ICU. Saa ya Xfce, amri ya date na programu nyingine nyingi za Linux huuliza maktaba ya msingi ya mfumo, glibc, yenye mafaili yake yenyewe ya lugha. Ndani ya glibc 2.39, iliyomo kwenye Ubuntu 24.04 na Mint zilizojengwa juu yake, lipo faili la sw_KE la Kiswahili cha Kenya. La guz_KE halipo. Taarifa zimeshakusanywa, hazijahamishwa tu kutoka hazina moja hadi nyingine, na kuzihamisha hakuhitaji mtu anayejua kuandika programu.

Anza kwa kunakili faili la Kiswahili:

sudo cp /usr/share/i18n/locales/sw_KE /usr/share/i18n/locales/guz_KE

Lifungue kwa kihariri chochote cha maandishi, uende kwenye sehemu ya LC_TIME, ubadilishe mistari ya day, abday, mon na abmon. Sehemu nyingine ziache zilivyo, kwa kuwa shilingi ya Kisii ndiyo shilingi ya Mombasa. Angalia sana mpangilio wa siku. Mstari wa week katika mafaili haya kwa kawaida hubeba tarehe 19971130, yaani 30 Novemba 1997, iliyokuwa Jumapili, na orodha huhesabiwa kuanzia siku hiyo. Ukianza na Chumatato, kila siku itasogea mbele, na Jumamosi paneli itaandika Chumapiri. Katika nchi yenye Waadventista wengi kama Gusii, kompyuta inayokosea Sabato haitaaminiwa kwa lingine lolote.

Kisha ongeza mstari huu ndani ya /etc/locale.gen:

guz_KE.UTF-8 UTF-8

Endesha sudo locale-gen, halafu ujaribu kabla ya kugusa kitu kingine:

LC_TIME=guz_KE.UTF-8 date +%A

Ikitoka siku sahihi, hapo ndipo uandike LC_TIME=guz_KE.UTF-8 ndani ya /etc/default/locale, utoke, uingie tena.

Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu. Programu inapowaka huiomba glibc iwashe vipengele vyote vya lugha kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, ombi zima hukataliwa, na programu hurudi kwenye hali ya zamani inayojua herufi za ASCII peke yake. Kwa hiyo LC_TIME iliyoelekezwa kwenye faili ambalo halijatengenezwa haiharibu saa tu. Majina ya mafaili yenye herufi zenye alama hugeuka alama za kuuliza, na kwenye eneokazi la GNOME terminali yake hukataa kabisa kufunguka, ukabaki unatazama eneokazi lisilo na mlango wa kulitengenezea. Usisakinishe upya. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, uingie kwa jina na nywila yako, ufute mstari ule wa LC_TIME, uwashe upya.

Wengine huunda faili moja kwa moja kwa amri ya localedef, bila kuliorodhesha kwenye locale.gen. Hufanya kazi vizuri mpaka siku glibc inaposasishwa: mfumo huunda upya lugha zilizoorodheshwa, na yako inaweza kutoweka.

Menyu hazitabadilika. Zitabaki kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili pale kilipotafsiriwa, kwani faili hili halitafsiri maneno ya programu.

Limebaki suala la saa zenyewe. Mtu wa Keroka akikwambia kwa Kiswahili mkutane saa tatu asubuhi, kompyuta huandika 9:00. Saa ya Xfce ina nafasi ya kuweka ukanda wa saa wake peke yake. Kenya iko saa tatu mbele ya UTC, na hesabu yetu iko saa sita nyuma ya hiyo, yaani saa tatu nyuma ya UTC. Andika Etc/GMT+3. Alama ya kujumlisha hapo si kosa: katika kundi hilo la majina alama hugeuzwa, na jumlisha maana yake ni nyuma. Muundo uwe %l:%M bila %p, maana AM na PM zitadanganya. Tarehe iweke kwenye saa ya pili ya paneli iliyobaki Africa/Nairobi, kwa muundo wa %A %d %B, la sivyo kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri utasoma tarehe ya jana. Ukanda wa mfumo mzima usiuguse, usije ukavuruga saa za barua pepe na kalenda.

Yote haya yanahudumia mashine moja moja. Dawa ya kudumu ni guz_KE kupokewa na glibc yenyewe, kupitia Bugzilla ya mradi huo, ili kila Linux ije nalo. Chuo Kikuu cha Kisii kina wanafunzi wa kompyuta na wa isimu kwenye kampasi moja. Wakae pamoja, wayasome majina yale ya CLDR mbele ya wasemaji wa lahaja za Rogoro na Maate, warekebishe panapostahili, kisha walitume faili.